Mabati ya Gaudiose

Sehemu ya saba: Zizi linafunguliwa

Wiki iliyopita mlimwacha Dative mbele ya zizi lake la mbuzi, mkono juu ya komeo, wanaume wawili wakisubiri nyuma ya mgongo wake. Najua wengine mlilala vibaya. Basi tusikawie.

"Fungua tu, Maman Dative," alisema Mirindi, shefu wa mudugudu, yaani kijiji chao. "Ni kazi ya dakika moja. Nyumba zote zinapekuliwa, ata yangu."

"Yako aliipekua nani?" Dative akauliza, ili apate muda wa kuvuta pumzi.

"Bibi yangu, kila jioni. Ananipekua mpaka mifuko ya suruali."

Dominique, kijana wa shirika la misaada aliyetoka Kamembe, akacheka. Kisha akaona Dative hacheki, naye akaacha. "Kama hajisikii vizuri, Shefu, tunaweza kurudi kesho."

Huo ulikuwa upole, na Dative aliuona. Ulimchoma kuliko matusi.

Kwa maana nyuma ya mlango ule wa mbao, chini ya majani makavu, aliyaficha mwenyewe mabati tisa ya jirani yake Gaudiose.

Kama wewe ni mgeni katika hadithi hii, sogea karibu nikueleze upesi. Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu upepo mkubwa. Redioni tunasikia kwamba kuna nchi ambako pepo kama hizo hupewa majina, kama watoto wanaobatizwa. Wa kwetu haukupewa jina. Ulitoka upande wa ziwa saa tisa mchana, ukapanda milima ya Nyakarenzo, ukang'oa mapaa ishirini na mawili, ukalaza migomba chini, ukaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Dative aliyakuta mabati tisa katika migomba yake bondeni. Akayabeba moja moja hadi zizini yasiibwe. Mpaka hapo hakuna kosa. Mlimani kwao bati la mwenzako likikuangukia unaliweka ndani, halafu unasimama juu ya kichuguu na kupiga kelele mpaka mwenyewe asikie.

Dative aliyaweka ndani. Kelele hakupiga.

Jiko lake lilikuwa linavuja tangu mwaka juzi. Akasema moyoni: nitangoja mpaka mchana. Mchana ukaja na mkutano. Mirindi akauliza mbele ya watu wote, "Nani ameona mabati ya Gaudiose?" Kabla Dative hajainua mkono, mtu akataja jina lake. Ndiye kiongozi wa isibo, zile nyumba kumi na tano za upande wao. Basi aingie katika kamati ya misaada, kwa sababu ni mwaminifu. Akaapishwa kutenda haki, watu wakapiga makofi. Baada ya makofi yale mdomo wake haukufunguka tena.

Jioni hiyohiyo alimchukua Gaudiose na mama yake mzee, akawaweka katika nyumba yake mwenyewe. Akawapa chumba, kitanda na chakula. Mlima mzima ukamsifu.

Sasa komeo likainuka. Mlango ukalia.

Mbuzi wawili wakageuza vichwa. Mirindi akaingia, akapiga majani kwa fimbo yake, pembe hii, pembe ile. Akainama. Akatoka akijifuta magoti.

"Mbuzi na mavi ya mbuzi," akasema. "Andika, Dominique: kwa Maman Dative ni safi."

Mabati hayakuwemo.

Dative alishika nguzo. Kwa muda mfupi alifurahi, nami sitamficha kwa hilo. Halafu furaha ikamtoka. Kama yeye hakuyatoa, ni nani aliyeyatoa? Mume wake Cassien yuko Bugarama, kwenye kinu cha mpunga, harudi kabla ya Jumamosi. Mtu ameingia hapa. Mtu anajua.

"Imebaki kazi moja," Mirindi akasema, akifungua daftari juu ya goti. "Gaudiose."

"Gaudiose amefanya nini?"

"Yeye njo atuambie. Mabati tisa hayawezi kuruka mpaka Burundi! Kila muntu ameleta ya zamani, ata yaliyokunjamana kama karatasi. Sharti la shirika unalijua: onyesha ya zamani, upate mapya. Yeye ameonyesha nini? Mikono. Na mubeba mizigo mumoja wa pale mpakani, Rusizi ya kwanza, anasema aliona mwanamke wa huku anavuka na mabati kichwani, anaenda nayo Bukavu."

"Wanawake wa huku ni wengi, Shefu."

"Wengi beko na paa." Akamnyooshea kalamu. "Jina linafutwa. Wewe ni kiongozi wake wa isibo, bila saini yako halifutiki. Weka hapa."

Dative akaitazama kalamu. Ilikuwa ya bluu, imetafunwa mwisho.

"Nitasaini kule uwanjani," akasema. "Lori la misaada likifika. Mbele ya watu."

"Ju ya nini?"

"Jina liliandikwa mbele ya watu, Shefu. Lifutwe mbele ya watu."

Mirindi akamtazama, kisha akainamisha kichwa kwa heshima. "Unaona, Dominique? Njo maana tulimuchagua."

Walipopotea nyuma ya migomba, Dative alianza kutafuta. Nyuma ya choo. Ndani ya shimo la mbolea. Chini ya rundo la kuni. Hakuna. Jasho likamtiririka, naye hakuwa amebeba kitu.

"Dative! Dative, binti yangu!"

Ilikuwa sauti ya Nyirahabimana, mama wa Gaudiose, ambaye kila mtu humwita Mukecuru, yaani mama mzee. Miguu yake ilikufa zamani, lakini koo lake lingeweza kuita ng'ombe wa kijiji kizima.

"Nakuja, Mukecuru."

"Mungu akupe maisha marefu. Mungu akujengee nyumba ya ghorofa. Lakini hiki kitanda chako kimepata mapepo."

"Mapepo gani tena?"

"Tangu jana. Nikijigeuza huku kinalia gwaa! Nikijigeuza huku, gwaa! Kama paa wakati wa mvua ya mawe. Mimi nimetoroka upepo, kumbe upepo umenifuata mpaka kitandani."

Dative alisimama palepale. Kisha akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya godoro.

Baridi. Mikunjo ya bati. Akavuta kidogo, akaona vipande vidogo vya mpira wa kandambili za bluu, vimebanwa bado kwenye matundu ya misumari. Marehemu mume wa Gaudiose alivikata kwa wembe mwenyewe, mvua isipenye. Mlima mzima hakuna paa jingine lililopigwa hivyo.

"Umepata hayo mapepo?" Mukecuru akauliza.

"Ameyapata," ilijibu sauti nyingine.

Gaudiose alikuwa mlangoni, kikapu cha majani ya muhogo mkononi. Hakuingia.

"Mama, utakunywa uji?" akasema kwanza.

"Nitakunywa. Na mwambie Dative anywe pia, amekonda."

"Nitamwambia. Dative, njoo jikoni."

Jikoni walisimama wawili chini ya majani yanayovuja. Gaudiose akaanza kutwanga majani ya muhogo kana kwamba hakuna jambo. Akatwanga. Akatwanga.

"Sema kitu," Dative akaomba.

"Niseme nini? Jana ulikuwa kwenye kamati. Nikasema, nimsaidie dada yangu, nipeleke majani kwa mbuzi. Siku kumi na moja nakula kwako, ata mbuzi sijakulishia. Nikainua majani yale ya zamani. Nikaona vile vipande vya sapatu za mume wangu."

"Gaudiose..."

"Nilifungua mdomo nipige kelele. Kweli nilifungua. Halafu wewe ukarudi, ukaingia kwa mama. Nikakusikia unamuosha miguu, unamuimbia. Mimi mwenyewe, mtoto wake, sijamuimbia mama yangu tangu nilipoolewa."

Dative alitamani ardhi ya jiko lile ipasuke. Ikabaki ardhi.

"Kwa hiyo ukayahamisha," alisema.

"Ulipotoka kwenda kisimani, nilimuweka mama juani, nikayabeba mbiombio. Mirindi alikuwa amesema kwa sauti kubwa kwamba leo atapekua. Wewe hukusikia. Siku hizi husikii kitu, nami nilidhani ni uchovu."

"Kwa nini? Ni mabati yako! Ungemwacha anikute nayo!"

Mchi ukasimama.

"Ungefungwa. Na Cassien angerudi Jumamosi. Cassien hajawahi kututaka hapa, usinikatalie, nimemsikia kwenye simu yako. Siku hiyohiyo angemuweka mama yangu njiani na blanketi lake. Mama yangu hana kitanda kingine chini ya mbingu ila hicho chako."

Dative akamnyooshea mikono yote miwili.

"Usinishike," Gaudiose akasema. Hakupandisha sauti. "Nimeficha. Sijasamehe. Hayo ni mambo mawili."

"Mirindi anataka kufuta jina lako. Anataka saini yangu."

"Najua."

"Unataka nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi?" Gaudiose akainua mchi tena. "Chukua uji, umpelekee mama. Usiufanye wa moto sana."

Dative akaubeba uji. Njiani alipuliza kila kijiko, na kila kijiko Mukecuru alimwombea baraka mpya.

*

Saa nane lori lilifika uwanjani. Mabati mapya yaling'aa juani hata watoto wakafunika macho. Kulikuwa na mablanketi, masufuria, sabuni, madumu ya maji. Watu walipanga mstari kwa nyumba, na waliokuwa na nguvu waliwashikia nafasi waliochoka.

Dative aliketi mezani kati ya Mirindi na Dominique, akitaja majina. Sauti ilitoka. Hakujua inatoka wapi. Kila aliyepita mbele yake alikuwa na neno.

"Maman Dative, ubarikiwe ju ya Mukecuru."

"Maman Dative, mimi nilisema ningempokea, lakini batoto wangu wanane, unajua mwenyewe."

Védastine, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa pale njia panda, mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa, akamletea kikombe cha chai. "Kunywa. Tangu asubuhi unatumikia bantu, nani anakutumikia wewe?"

Chai ile Dative aliisogeza kando.

Kisha Dominique akasimama juu ya kreti.

"Mabwana na ba maman! Nina habari nzuri. Shirika letu limeona kwamba kuna nyumba zilizopokea wenzao bila kuombwa. Tumeamua nazo zipate mabati. Katika isibo hii nyumba ni moja." Akatoa kadi ya njano. "Maman Dative: mabati kumi, mapya!"

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, filimbi, mtu akapiga dumu kama ngoma.

Kama umewahi kuona aibu maishani, unajua jinsi masikio yanavyowaka. Dative aliposhika kadi ile masikio yaliwaka, shingo ikawaka, mpaka vidole. Mabati tisa yangelitosha jiko lake. Angekuwa amesubiri siku kumi na mbili tu, akiwa mtu safi.

Akainua macho. Katikati ya mstari alimwona Gaudiose.

Gaudiose alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.

"Tuendelee," Mirindi akasema akifuta macho yake. "Nyumba ya kumi na moja, Gaudiose. Huyu hana mabati ya zamani, na tunajua yalivuka kwenda wapi. Jina linafutwa. Maman Dative, ile saini."

Kelele zikashuka. Gaudiose hakusogea. Alisubiri, mikono imekunjwa juu ya kitenge chake.

Dative akaichukua kalamu. Akaiweka chini. Akasimama.

"Jina lisifutwe," alisema. "Mabati ya Gaudiose ninayo mimi."

"Unasema nini?"

"Niliyaokota asubuhi ile katika migomba yangu. Mabati tisa. Uliponiuliza hapa, mbele ya bantu wote, nilinyamaza. Nilitaka kuezeka jiko. Mimi njo mwizi, Shefu. Gaudiose hakuuza kitu."

Watu walioshika mabati wakayaweka chini.

Halafu, msomaji wangu, lilitokea jambo ambalo Dative hakulitarajia usiku wowote kati ya zile kumi na moja alizokesha akipanga maneno yale.

Watu walianza kutabasamu.

"Yee, Mungu wangu!" Védastine akapaza sauti. "Mnaona muntu? Anataka kubeba mzigo wa mwenzake!"

"Muacheni, anamuonea huruma!"

"Anadanganya ili yule apate paa!"

Na makofi yakaanza tena, makubwa kuliko ya kwanza.

"Sidanganyi!" Dative akapiga meza. "Niliiba!"

Mirindi akamshika bega kwa upole wa baba. "Kaa chini, Maman. Huku kwetu kuko na batakatifu, sikujua."

"Mimi si mtakatifu. Ni mwizi."

"Batakatifu wote njo wanasemaka hivyo."

Dative akageuka kwa Dominique. Kijana yule alikuwa anamtazama kwa macho ya kuheshimu, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko yote. Akamvuta mkono wa shati.

"Nyumba yangu ni ile hapo chini. Njooni muone kwa macho. Yako kitandani kwa Mukecuru, chini ya godoro. Njooni!"

Katika mstari, Gaudiose alifumba macho.

*

Nusu ya mstari ilishuka mlima nao. Chumba kilijaa hadi dirishani. Dominique alivua viatu vyenye tope, akamwinua Mukecuru mikononi pamoja na blanketi lake, akamtoa nje juani kama anayebeba mayai.

"Wewe mtoto wa nani?" Mukecuru akamuuliza.

"Wa Kamembe, Mukecuru."

"Una mikono mizuri. Umeoa?"

Ndani, Mirindi aliinua godoro.

Mabati tisa. Vipande vya bluu kwenye matundu. Kila mmoja aliyatambua.

Dative akashusha pumzi. Sasa. Sasa wamwone alivyo, wamtemee mate, imalizike.

Mirindi akageuka polepole. Hakumtazama Dative.

"Kitanda hiki nani analalia?"

"Mama yangu," akajibu Gaudiose toka mlangoni. "Na mimi."

"Na nani aliweka mabati haya hapa?"

Gaudiose alimtazama Dative. Akatazama nje, pale Mukecuru alipokuwa amekaa juani akimsifia Dominique meno. Akaurudisha uso.

"Ni mimi."

"Kumbe!" Védastine alishika kichwa. "Kumbe alikuwa anayalalia! Ameficha ya kwake ili apate mapya, na ya zamani avushe Bukavu!"

"Ndani ya nyumba ya Maman Dative! Amekula ugali wake, anamuwekea uchafu kitandani!"

"Apana!" Dative akapiga kelele. "Mimi niliyaficha zizini! Yeye aliyahamisha jana ili kuniokoa! Gaudiose, waambie!"

Gaudiose akageuka kumtazama mama yake kule juani.

"Zizini?" Mirindi akasema taratibu, kama anayesema na mgonjwa. "Maman, zizi tulilifungua leo asubuhi, mimi na Dominique. Kulikuwa na mbuzi na mavi ya mbuzi. Tuliandika. Iko kwenye daftari."

Kazi yao wenyewe ya asubuhi ndiyo iliyomtakasa. Kila neno la Dative sasa lingepigiwa makofi.

"Nendeni naye ofisi ya sekta," Mirindi akaamuru. "Wao wataamua. Jina nitalifuta bila saini. Bantu wote ni mashahidi."

Vijana wawili wakasimama pande zote za Gaudiose. Hawakumshika, mmoja hata alimwokotea kandambili iliyomtoka mguuni, akaiweka mbele yake aivae. Dative akajipenyeza hadi karibu na sikio lake.

"Kwa nini hukusema? Nilisema mimi! Nilisema mbele ya wote!"

"Nyamaza," Gaudiose akanong'ona. Midomo haikutikisika. "Waache waamini. Mama anahitaji kitanda leo usiku. Kesho pia."

"Hakuna atakayemfukuza. Naapa."

"Uliapa na siku ile ya kamati."

Ilikuwa kweli.

Nje, Mukecuru alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. "Gaudiose! Mnampeleka wapi mtoto wangu? Dative, binti yangu, hawa bantu beko wanataka nini?"

Dative akapiga magoti mbele yake. "Anaenda sekta, Mukecuru. Anarudi."

"Nenda naye basi. Wewe wanakuheshimu. Usimuache peke yake, unasikia?"

"Ninasikia."

Akainuka. Akatafuta nani wa kubaki na mzee. Ni Védastine aliyekuwa karibu, bado ana hasira. "Mimi simlindii mama wa mwizi," akasema. Kisha Mukecuru akakohoa. Védastine akasonya, akavuta kigoda, akaketi, akalifunga blanketi vizuri shingoni mwa mzee. "Uji uko wapi?" akauliza kwa ukali. "Uko wapi, upoe?"

Dative akamrudishia Dominique kadi ya njano. Dominique hakuipokea. Dative akaiweka juu ya jiwe, akaweka kokoto juu yake isipeperuke, akaanza kupanda njia nyuma ya Gaudiose.

"Maman Dative!" Mirindi alimwita. "Umeteseka vya kutosha na muntu huyu! Rudi!"

Hakugeuka.

Mvua iliwakuta nusu ya njia. Si kubwa, ile ya kulowesha tu. Gaudiose alitembea mbele bila kuzungumza. Mara moja Dative aliteleza kwenye utelezi wa udongo. Mkono ukamdaka kiwikoni, ukamsimamisha, ukamwachia. Alipoinua kichwa, Gaudiose alikuwa ameshaendelea.

Ofisini waliambiwa wasubiri barazani. Kulikuwa na benchi moja, nusu yake imelowa. Vijana wa Mirindi walisimama. Gaudiose akavua kitenge cha begani, akafuta ile nusu iliyolowa, akaketi palepale, akamwachia Dative upande mkavu.

Dative akautazama upande ule mkavu. Hatimaye akaketi sakafuni.

Mlango ukafunguka. Afisa alikuwa mtu wa makamo, miwani imeshuka puani, karatasi mkononi.

"Nimepigiwa simu na shefu wenu," akasema. "Mtu ameficha mabati, sijui ameyauza, sijui ameyalalia, sijaelewa vizuri. Mwizi ni nani kati yenu?"

"Mimi," alisema Gaudiose.

"Mimi," alisema Dative.

Yalitoka pamoja, sauti moja juu ya nyingine. Afisa akasukuma miwani juu. Akamtazama aliye juu ya benchi, akamtazama aliye sakafuni, na vijana wawili wa Mirindi wakatazama mvua.

"Basi mmoja wenu ananidanganya," akasema, akaufungua mlango wote. "Ingieni. Na huyo wa sakafuni aanze."